Kilima cha Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi

Sifa njema ni za Mola, ajuaye kila jabali bila kulipima, na Mwalimu, mwana wa mchimba visima, mjukuu wa mnakili wa vitabu, ameinua kalamu juu ya karatasi tupu... na aanzie wapi kama si kilimani, maana kamusi elezo hii ya mkoa, ambayo mhariri wake amemwomba aandike gazetini ubora na upungufu wake, ina kilima ukurasa wa mia mbili na kumi, kina urefu, kina chemchemi, na kilima hicho hakipo duniani, alikibuni yeye miaka ishirini iliyopita, akakichomeka katika kadi zake za utafiti kama mtego, atakayeziiba aibe na uongo, kumbe mwizi ni mhariri huyo, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyeazima makasha manne ya kadi akarudisha shukrani tupu... huyo hapo barazani, sauti yapenya dirishani, anamtania binti wa nyumba, "Mwambie baba yako asinicharaze sana, mimi bado mtoto wake," na binti anacheka, cheka mwanangu, leo mgeni wako atakipanda kilima hicho peku... lakini haki kwanza, mizani haina mjomba, mito imepangwa vyema, ramani zasomeka, visima havikukosewa hata kimoja, vikosewe vipi ilhali ni kadi zake, afunua tena akitafuta upungufu mwingine wa kumzika nao, afikia ukurasa wa Wakunga, na hapo mkono wagota, kwani yumo marehemu mkewe, jina kamili, jinsi alivyomgeuza mtoto tumboni kwa viganja, kwa maneno yake mwenyewe, kumbe kijana yule alikaa jikoni akamsikiliza, na yeye, mume wa miaka arobaini, katika makasha manne hakuwa na kadi hata moja ya mkewe... uongo wa kilima ukitangazwa gazetini, nani ataamini ukurasa wa mkunga... "Baba, mgeni anauliza kama umemaliza"... bado, kalamu haijagusa karatasi, wala hasira haijapoa, mgeni asijidanganye, ataingia, mlango utafungwa, ataombwa aeleze njia ya kufika kilimani, polepole, mpaka jasho limtoke, kisha, kwa ajili ya chapa ijayo, atakifuta kwa mkono wake na kuandika kadi zilikuwa za nani, ila nje ya mlango huo, hata gazetini, halitatoka neno la kilima, mkunga asiguswe...

Nanyi mliotega sikio, Mola awajaalie kuwaandika walio karibu nanyi kabla hamjawazika.