Mtumbwi wa Mama

Mwanajeshi mstaafu usimwambie mgeni anakuja. Atapaka chokaa hata mawe. Mimi nilimwambia, tena kwa furaha.

Mgeni mwenyewe alikuwa Nabukenya, mama wa Kampala anayezunguka dunia kutafuta mvinyo wa watengenezaji wadogo, ule usiotiwa dawa wala hamira. Alifika kwangu Bwera akitokea Mweya, akaonja mvinyo wangu wa ndizi, akaonja tena. Kisha akafungua chupa yake ya Georgia, nchi ya mbali ambako wanafukia mitungi ardhini na kuacha zabibu zichachuke zenyewe. Nikaonja. Ulikuwa mkali, unanukia udongo baada ya mvua. Weee! Nilicheka hadi machozi.

"Hawa ni ndugu zangu," nikamwambia. "Na wao hawatii kitu?"

"Hawatii kitu, mama. Lakini huu wako sijaukuta popote. Mwezi ujao nakuja na wanunuzi. Nitengenezee mwingine."

Siri ya mvinyo huo haikuwa mimi. Ilikuwa mtumbwi wa mti alioniachia mama, gogo lililochongwa la kukamulia ndizi kwa nyasi. Hauoshwi kwa sabuni, ni maji tu, kwa sababu kinachochachusha kinaishi ndani ya mti wenyewe. Mama alikufa kabla sijaolewa, na hakuacha hata picha moja. Nikimkumbuka nakunywa kidogo, naye yupo.

Basi nikaenda Kinyamaseke kutafuta ndizi. Niliporudi nikakuta ua umefagiliwa, mawe meupe, na mume wangu Mugisha, sajini wa zamani wa Kasese, ameketi kando ya mtumbwi, mikono imechubuka, anatabasamu. Alikuwa ameusugua kwa msasa, akaumwagia dawa ya kuua vijidudu.

"Ilikuwa nyeusi, muchafu," akasema. "Mugeni angesema nini? Sasa iko safi kama bunduki."

"Ebo! Mugisha! Umemuua mama!"

Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Maate akaja mbio akidhani kuna msiba. Nilitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia. Mugisha alisimama wima, mikono ubavuni, kama yuko mbele ya mkubwa wake. "Nilitaka kukusaidia tu," alisema. Najua. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nikausuuza mtumbwi mara nyingi, nikakamua. Juisi ikalala mle, tamu, kimya, mwishowe ikaoza. Maate akatuazima mtumbwi wake. Mvinyo ukatoka mzuri tu, lakini ulikuwa wa kwao. Nabukenya na wanunuzi wake wakanywa, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka bila kununua. Nikabaki nalia jikoni, wala sikulia kwa ajili ya soko.

Ilikuwa imebaki chupa moja ya mvinyo wa zamani chini ya kitanda. Nilitaka kuificha mpaka kufa kwangu. Lakini Mugisha alikuwa hali, anakaa tu akiutazama ule mtumbwi. Jioni moja nikaifungua, nikammiminia. Alikuwa ameapa kuacha pombe tangu kambini, hakuwahi kuonja kazi yangu.

"Kunywa, Afande," nikasema. "Leo umuone mama mkwe wako."

Akanywa polepole, kisha akavua kofia.

"Mama, unisamehe," akasema.

Tukamaliza pamoja. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama umebaki kidogo.

Haukubaki.