Kijiji cha Waingereza Ndani ya Karieri

Clotilde alikuwa anachoma mikate ya mafuta mlangoni pa karieri, machimbo ya mawe ya kampuni ya simenti, upande wa Kakontwe, Likasi, kijiji cha Waingereza kilipofika. Kilishuka polepole shimoni, kikakaa sawasawa kama mfuniko juu ya sufuria yake. Clotilde aligeuza mikate kwanza, ilikuwa karibu kuungua, ndipo akachungulia.

Kulikuwa na kanisa la mawe lenye mnara mfupi, njia moja yenye kona nyingi, kijito, na makaburi yenye majani mabichi. Kilikuja pia na mvua yake, nyembamba, isiyovuka ukingo wa shimo. Na ilikuwa kiangazi! Kabla ya adhuhuri wamama wa mtaa walikuwa kijitoni na mabeseni yao.

"Mayi ya bure, Mama Clotilde, leta manguo!" jirani yake Philomène alimwita kutoka chini.

Injinia Hilaire wa kampuni alikuja na watu wa baruti. Aligonga ukuta wa kanisa, akaona ni jiwe safi la chokaa. Kisha akaona makaburi, akavua kofia yake ya kazi.

"Hapa hatupasule," alisema. "Kuko bantu balizikwa."

Siku hiyo hiyo wakaweka senyenge na mlinzi. Clotilde akamsogelea Hilaire.

"Injinia, na mama yangu? Naye alikuwa amezikwa hapa hapa. Mulimupasula."

"Ile ilikuwa zamani, maman," Hilaire alijibu, kwa adabu kabisa.

Zamani! Mama yake alikufa wakati mtoto wa mwisho wa Clotilde alikuwa tayari anasoma shule. Kaburi la mbele pale kanisani, la mama mmoja aliyeitwa Agnes, lilikuwa limepita miaka mia tatu. Clotilde alirudi kwenye mikate yake, moyo unamuuma.

Aliyemzoea haraka ni Mzee Guy, Mwingereza wa kijiji kile, mwenye funguo za kanisa. Alipanda kununua mikate kila asubuhi, akiongea Kiswahili cha Likasi bila shida, na alipenda kusimulia habari za kwao. Kijito kilikuwa kinazungusha kinu cha ngano. Nyumba zote zilijengwa kwa mawe ya mlima wao. Uwanja wa juu ulikuwa wa wote, kila mtu na ng'ombe wake, hadi tajiri mmoja alipouzungushia ukuta, na maskini wakaenda mjini kutafuta kazi za viwanda.

"Kumbe na kwenu banafanya vile?" Clotilde alisema.

"Banafanya. Lakini makaburi habakugusa. Na mama yako, iko wapi?"

"Iko mu simenti, Baba Guy. Pengine iko mu ukuta ya poste, pengine mu ngazi ya banque. Minye nitajua namna gani? Premier août, siku ya bazazi, bengine banaenda kufagia makaburi. Minye nauzisha mikate."

Guy alitafuna, akameza.

"Basi kamata kaburi ya Agnes. Yeye hana tena muntu."

Tarehe moja Agosti, sikukuu ya wazazi, Clotilde hakuwasha moto. Alivaa kitenge kipya, akachukua ufagio, jembe dogo na ndoo. Mlinzi akamsimamisha penye senyenge.

"Uko na muntu humu?"

"Niko na mama."

Akamfungulia. Clotilde aling'oa magugu, akafagia, akasugua jiwe kwa sabuni mpaka jina likaonekana. Mvua ndogo ilimnyeshea mgongoni, naye alifurahi, alifurahi kweli, akaimba wimbo wa kanisani ambao mama yake aliupenda.

"Mama Agnes," alisema alipomaliza, "ukimuona mama yangu huko, mwambie nilifika."

Ng'ambo ya ukingo baruti ililia. Karieri ilikuwa imehamia upande ule, kwenye makaburi ambako Philomène alikuwa ametoka kufagia asubuhi ile. Vumbi jeupe likaja, likatua juu ya jiwe la Agnes. Clotilde akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaanza kusugua tena.