Mwito wa Bihogo

"Hooo, Bihogo! Njoo, Bihogo, njoo!"

Emérita aliacha kuchagua maharage. Sauti ilitoka nyuma ya migomba, na ilikuwa yake mwenyewe, naye kinywa hakukifungua!

Alikimbia. Akamkuta mgeni wake Anselmo, mtunzi na mtafiti wa muziki kutoka Meksiko, aliyekuja Kirolirwe kunasa nyimbo za wafugaji ili azitungie muziki wa fidla. Kinasa sauti kilikuwa juu ya jiwe, naye anaandika noti.

"Zima, Papa Anselmo! Unaniua!"

Alizima. Lakini kule msituni Emérita alikoficha ng'ombe tangu vita ipande vilima vya Masisi, Bihogo, ng'ombe anayeongoza kundi, alishaitika. Matawi yalivunjika. Kundi lilikuwa linatoka, na barabarani walikuwa wanapanda watu wenye bunduki, wale wanaopora ng'ombe.

"Umewaita, sasa utawarudisha," Emérita alisema. "Beba sauti yangu, pita mu kijito, ingia nayo mu pori. Watakufuata. Mimi wale wananijua, nikienda watakuja nyuma yangu. Na uipunguze!"

Anselmo alikumbatia chombo ndani ya koti, akateremka mbio.

Wenye bunduki walipofika uani, Emérita alikuwa anachagua maharage tena. Mmoja aliinua kichwa, akasikiliza.

"Mama, uko unaita ngombe?"

"Mimi? Angalia kinywa yangu." Aliibana midomo.

Kwa mbali sauti ikaita tena: *Hooo, Bihogo...*

"Iko redio ya muzungu wangu," alisema.

"Redio njo inaita ngombe?"

Mwenzake alicheka. "Kaka, njaa imekuingia mpaka mu masikio! Twende."

Emérita aliendelea kuchagua maharage mpaka walipopotea nyuma ya kilima.

Anselmo alirudi na tope hadi magotini. "Ng'ombe wote wameingia msituni. Bihogo amenilamba shingo."

"Na hiyo sauti? Kesho utaisikiliza tena?"

Mtunzi alikitazama chombo. Kwa ajili ya mwito huo alikuwa amevuka bahari. Alibonyeza, akafuta, Emérita akiona.

"Mama Emérita, wimbo wa kukamua ulioniimbia nitaupeleka, fidla za kwetu zitaupiga. Ila mwito huu, naahidi mbele yako, sitaunasa wala kuupiga tena, mpaka siku utakapowaita wewe mwenyewe, kwa sauti yote, ukisimama barabarani."