Lundo la Ukingoni

Teke la kwanza lilipiga juu, la pili likamaliza kazi. Mawe yaliyokuwa yamepangwa kwa ustadi, kubwa chini na dogo juu, yakabingirika njiani kama viazi vya gunia lililopasuka.

"Washenzi," alisema Bomoa, ingawa waliokuwa wameyapanga walishafika mjini zamani, wameoga, wanaonyeshana picha.

Jina lake halisi lilishasahaulika mlimani. Hilo la Bomoa alipewa na waongoza wageni kwa kumcheka, naye akalivaa kama alivyovaa koti la kazi, bila kuuliza linampendeza au la. Kazi yake ilikuwa kuitunza njia: kuzibua vifereji ili maji yasipite katikati, kufyeka majani yaliyovamia, kurudisha mawe ya ngazi yaliyong'olewa na mvua. Na kuweka alama. Alama ni mawe matatu, bapa juu ya bapa, upande wa kulia wa anayepanda. Watu wa njia wana kitendawili chao: hana mdomo, lakini akisema pita huku, unapita. Jibu ni jiwe. Na kiumbe anayeaminiwa namna hiyo haruhusiwi kusema uongo.

Lakini wageni nao hawaambiliki. Mmoja hupanga mawe yake kwa ajili ya picha, wa pili hupanga kumshinda wa kwanza, wa tatu hudhani ndiyo heshima ya mahali, naye huongeza. Siku ya jua hayana neno. Ngoja ushuke ukungu, ule wa kunyoosha mkono vidole vikakuaga, ndipo utajua kwamba kila lundo limeota mdomo.

Lundo la namna hiyo ndilo lililommaliza mumewe. Naye alikuwa mtunza njia, na hilo ndilo lililomponza. Mgeni angesita. Yeye aliona mawe yamepangwa, akajua ameyapanga mwenzake, akayafuata. Pale njia panda ya juu, badala ya kukata kushoto kwenda kwenye kibanda cha kupumzikia, alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni, akapiga hatua ambayo haikuwa na ardhi. Bonde la chini ni refu na msitu wake umefumana. Walitafuta mpaka wakachoka. Hakikupatikana hata kiatu.

Dada wa marehemu, wifi yake Bomoa, ndiye aliyepeleka jiwe la kwanza pale ukingoni. "Ndugu yangu hana kaburi," alisema. "Basi hili hapa." Nani angemkataza? Bomoa mwenyewe aliweka jiwe la pili. Wakaongeza waongoza wageni, wakaongeza wauza chai, na wageni nao wakisimuliwa walitoa machozi na kuongeza. Lundo likakua mpaka likafika kimo cha mtu. Kila Bomoa alipopita aligeuza uso. Alibomoa vijilundo vya urefu wa kidole, lile lenye kimo cha mtu akaliacha. Wasemao hasira hasara hawajawahi kuimeza na kutembea nayo mlimani, siku baada ya siku, ikiwa nzito kuliko sururu.

Siku hiyo ukungu ulishuka mapema, mchana haujageuka. Alikuwa njia panda akizibua kifereji aliposikia kikohozi.

"Nani huko?"

"Ni sisi!" iliitikia sauti ya mwanamume, yenye furaha. "Hapa ndipo kibandani?"

Sauti ilitoka ukingoni.

"Msisogee! Kaeni chini! Hapo hapo mlipo, makalio chini!"

Aliwafuata akipapasa njia kwa mpini wa jembe. Mwanamke alikuwa ameliegemea lundo, amevua kiatu anakung'uta mchanga. Mumewe hakuwa amekaa. Watu wa namna yake huwa hawakai wakiambiwa. Alisimama, bonde likiwa mgongoni mwake, ameinua simu juu akitafuta mtandao.

"Mama, kibanda kiko wapi? Tumefuata alama."

"Nipe mkono kwanza."

"Wa nini?"

"Nipe mkono, baba, maswali utaniuliza baadaye!"

Alimvuta. Upepo ukapita, ukungu ukafunguka kidogo kama pazia, na yule bwana akatazama pale alipokuwa amesimama. Hapo sasa alikaa bila kuambiwa. Mkewe alianza kulia, kiatu kikiwa mkononi.

Waliposhuka mbali kidogo, yule bwana alirudiwa na sauti, na sauti ikaja na ukali.

"Yaani nyinyi mnaweka alama ya kuua watu? Nani aliyeiweka ile?"

Bomoa angeweza kusema mengi. Alitembea mbele yao, shingo imekakamaa.

"Mimi," alisema.

Wifi yake alikuwa na kibanda cha chai penye lango, chini mlimani. Alikuwa akisuuza vikombe, ameipa njia mgongo.

"Wifi," Bomoa alisema, "leo nalibomoa lile lundo."

"Kabomoe kwenu."

"Nimewakuta watu wameliegemea. Mmoja alikuwa keshafika mwisho."

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi mpe chai anywe, aende kwao."

"Unangoja mpaka afe mtu ndiyo uridhike?"

Wifi aligeuka. Povu lilimtiririka mikononi. "Mimi singoji kitu. Tena wewe ndiye usiyejua kungoja! Machozi hayajakauka ulishabeba jembe la ndugu yangu ukapanda mlima. Watu walikusema, mimi nikakutetea."

"Ulitaka nile nini? Mawe?"

"Umebomoa ya watu wote hukushiba. Sasa unataka kaburi. Ukimaliza hilo uje unibomoe na mimi."

"Ukikaa juu yake, na wewe nitakushusha!"

Mwongoza wageni mmoja, mtu wa mzaha, akaona apoze. "Jamani, wifi na wifi, chai inapoa..."

"Wewe nyamaza!" walimkemea kwa sauti moja. Ikawa mara yao ya mwisho kukubaliana siku hiyo.

Bomoa alipanda tena. Nyuma yake alisikia kandambili zikipiga kwenye mawe: pa, pa, pa. Wifi alimfuata na aproni yake mbichi, na asivyozoea mlima alikuwa akihema kama mvukuto, lakini hakuomba wapumzike. Walipofika ukingoni alimpita, akaweka mgongo kwenye lundo, akatanua mikono.

"Anza na mimi."

"Ondoka, wifi."

"Wewe una watoto wenye sura yake. Usiku ukimkumbuka unamtazama mmoja. Mimi nikitaka kusema naye nakuja hapa. Ukiliondoa nitamwita wapi?"

"Na yule bwana wa leo hana dada? Angekufa, dada yake naye angekuja kupanga mawe yake hapa. Halafu yamlete mwingine. Tuujaze ukingo mzima?"

"Ndugu yangu hajaua mtu!"

"Ndugu yako alijiua kwa ujinga!"

Maneno yalimtoka kabla hajayaona. Yakishatoka, mengine yakafuata mlango ulio wazi. "Kila siku alinifundisha mimi: usiamini jiwe ambalo hukuliweka. Kila siku! Halafu yeye akaliamini. Nimemkasirikia, wifi. Nimemkasirikia mpaka nashindwa kumlilia. Nikiona jiwe juu ya jiwe, namwona yeye analifuata kama mtoto, nataka nimzabe..."

Kofi likamkuta mdomo wazi.

Bomoa hakurudisha. Alishika shavu, akatema mate pembeni, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha wifi yake, akalitoa jiwe la juu. Halikupata teke. Alilibeba kifuani.

"Unamtupa bondeni!"

"Siwezi kumtupa bondeni. Bonde lina sehemu yake tayari."

"Unampeleka wapi?"

"Chini ya njia panda mvua imekula ngazi. Ataziba hapo."

"Watu wamkanyage?"

"Wamkanyage. Alikuwa akiwashika wazee mkono pale pale, wavuke. Wamkanyage wafike."

"Una roho ya jiwe, wewe mwanamke."

"Ninayo."

Akaenda, akarudi. Kila jiwe alilikalisha mahali pake akaligonga kwa kisogo cha sururu, kwa nguvu kuliko lilivyohitaji, mpaka mikono ikafa ganzi. Wifi alikuwa ameteleza akakaa chini, mgongo bado kwenye mawe, na mawe yakazidi kupungua nyuma yake. Hakumsaidia. Hakumzuia tena. Kila Bomoa alipoinama karibu naye, wifi aligeuza uso kando, kama mtu anayefunga mlango.

Lilipobaki jiwe moja la chini, lile jeusi ambalo wifi alilitoa uani kwao siku ile ya kwanza, Bomoa alilishika. Mkono wa wifi ukamtangulia.

"Hili usiliguse."

Alijiinua, akalipakata kwenye aproni kama mtoto aliyelala. Kandambili moja ilikuwa imekatika mkanda. Aliiacha hapo hapo. Alimpita Bomoa bila kumtazama, akashika njia ya kushuka, na ukungu ukamfunga.

"Wifi! Unalipeleka wapi?"

Bomoa alisimama penye ardhi iliyobaki na doa la udongo mweupe, akasikiliza. Ilisikika kandambili moja tu, ikipiga na kuruka, ikipiga na kuruka, ikishuka kuelekea njia panda. Huko mtu angeweza kusimama kwenye zile ngazi, akaliweka jiwe lake na mengine. Angeweza pia kupitiliza mpaka nyumbani.

Kisha sauti ikakoma.

Bomoa alilaza sururu chini taratibu, chuma kisigonge, akatega sikio asikie kama jiwe litagonga jiwe.