Kuuposa Mji wa Rouen

Ken Mwaura alikuwa na kanuni tatu za vita, na alizisambaza bure kwa kila aliyecheza mchezo wa kompyuta wa Zama za Ngome, awe amemwomba au hakumwomba. Kwanza, linda magari ya chakula kuliko unavyomlinda mfalme, kwa sababu mfalme haliwi. Pili, usipeleke farasi penye matope. Tatu, usimpe adui nafasi ya kupumua.

Alikuwa na miaka kumi na saba, yuko likizoni kutoka shule ya bweni, na asubuhi hiyo alikuwa akiliongoza jeshi la Uingereza la mwaka 1418 kutoka kwenye kochi la mama yake, mtaa wa Mountain View. Jeshi hilo lilikuwa limeuzingira mji wa Rouen. Ndani ya mji alikuwamo Debra wa mtaa wa Kitisuru, msichana mwenye intaneti isiyokatika na maneno yasiyokatika vilevile.

Mshindi angekuwa kapteni wa kikosi kwenye mashindano ya Jumamosi, katika duka la michezo la Obuya kule Ngara. Mshindwa angebaki nyumbani. Ken alikuwa ameshawaambia wenzake wote wa bweni kwamba kapteni ni yeye. Aliwaambia mapema ili kuokoa muda. Isitoshe, historia ilikuwa upande wake. Vitabu vilisema Waingereza waliuteka Rouen. Kazi ya Ken ilikuwa tu kutoiharibu historia.

Shida ilikuwa baridi. Debra alifunga lango, akaketi. Theluji ikaanza, na chakula cha jeshi la Ken kikawa kinapungua. Ndipo Ken akaamua kutumia diplomasia. Akawasha maikrofoni.

"Debra! Fungua lango ama nichome huo mji wote!"

"Niaje, Ken," Debra akajibu. "Choma tu. Huku ndani kuna baridi."

Nyuma ya Ken, kikombe kiliwekwa mezani kwa kishindo. Guka Mungai, babu yake, alikuwa amekuja kutoka Limuru jana yake kung'olewa jino, na tangu alfajiri alikuwa amekaa kimya akitazama runinga, akidhani ni taarifa ya habari. Guka ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo kwenye shughuli za posa. Nusu ya wake na waume wa upande wao walioana kwa ulimi wake.

"Huyo unayemtukana ni nani?"

"Ni adui, Guka."

"Na huo mji ni wao?"

"Eeh. Nautaka."

Guka alifumba macho kama vile jino limerudi. "Unataka kitu cha watu, halafu unasimama nje ya ua wao ukipiga kelele kama mnunuzi wa vyuma chakavu. Lete hicho kidude cha kuongelea."

Ken alimlilia Obuya, aliyekuwa mwamuzi na aliyekuwa akiwafuatilia kutoka Ngara. Obuya alikohoa kwa cheo. "Boss, sheria nimezisoma zote. Hakuna mahali imeandikwa mzee hawezi ongea."

Guka akakisogeza kidude mdomoni.

"Hamjambo huko ndani? Sisi ni watu wa Mountain View. Tulikuwa tunapita tu."

"Mnapita na askari elfu sita?" Debra akauliza.

"Ni watoto. Walikataa kubaki nyumbani."

Huko Rouen, Debra akamwita mtu. Kiti kikaburutwa, kisha ikasikika sauti nyingine, ya mama mzee, tamu na ya polepole. Alikuwa nyanya yake Debra, jina lake Wangu, ambaye wote walimwita Cucu Wangu, mwanamke aliyelinda milango ya mabibi harusi kwa miaka mingi bila kuufungua hata mmoja bure.

"Karibuni. Kama mlikuwa mnapita, barabara ni pana. Piteni."

Guka alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke kwa daktari wa meno. "Tungepita, mama. Lakini tumeona mji hapa, tukaupenda."

"Miji tunayo mingi. Mmeupenda upi?"

"Ule wenye mnara."

"Yote ina minara."

Waliendelea hivyo hadi jua likawa utosini. Alama ya chakula cha jeshi ikawa nyekundu.

"Guka," Ken akanong'ona, "askari wanakufa njaa."

"Hata mimi sijala."

Ikafuata faini. Cucu Wangu alisema masikio yake yalisikia neno "choma", na kwao mgeni mwenye neno kama hilo hutoa mbuzi. Mchezo haukuwa na mbuzi. Baada ya mashauriano, Guka alitoa mitambo miwili ya kurushia mawe, ile ambayo Ken alikuwa ameijenga kwa wiki nzima. Kisha ikabainika kwamba lango la Rouen lina kutu, na halifunguki mpaka wageni walipake mafuta. Mafuta hayo yalikuwa farasi. Cucu alitaka mia tatu, Guka akasema hao wana mafua, wakakutana katikati.

"Mama huyu ni mgumu," Guka alisema akipangusa jasho, na macho yakimwaka kwa furaha. "Nenda kachemshe chai."

Jikoni, akiyatazama majani yakichemka, Ken aliona mwanga. Lango likifunguliwa, jeshi lote litaingia. Likishaingia, nani atalizuia? Akajipongeza kwa kijiko cha sukari. Akarudi sebuleni na chai na unyenyekevu wa mtumishi wa kanisa.

Lango lilikuwa wazi! Askari wake waliingia wawili wawili, wakaketi kwenye meza ndefu uwanjani. Maandishi yakatokea kwenye skrini: WAGENI WAMEPOKELEWA. Katika spika, Cucu Wangu alikuwa akikiombea chakula. Alikuwa ameanza na wagonjwa, akapita kwa yatima, sasa yuko kwa viongozi wa nchi. Guka alikuwa ameinamisha kichwa, macho kayafumba.

Ken akabonyeza kitufe cha kushambulia.

Elfu sita waliinuka kwa pamoja, wakawarukia walinzi wa Rouen kwa mikono mitupu.

"Panga zao ziko wapi?" Ken akafoka kwa kunong'ona.

"Nje ya lango," Guka akajibu bila kufumbua macho. "Mama aliomba tuziache ulipokuwa jikoni. Nikaona ni ombi la heshima, Obuya akanielekeza kitufe."

"Nilijua tu," Debra akasema. "Cucu, endelea kuomba. Mimi niko kazini."

Uingereza iliisha kabla ya Amina. Askari wa mwisho alipigwa na sahani.

Guka alipofumbua macho na kuona uwanja, alimgeukia Ken.

"Umewapiga watu wakiomba?"

"Guka, ni mchezo tu."

"Na yale maombi yalikuwa mchezo?" Akakiinamia kidude. "Mama, sina pa kuficha uso."

"Msemaji, wewe huna kosa," Cucu Wangu akasema kwa upole. "Kijana bado ni mbichi. Lakini kwenu wako wengine wanaojua kuongea."

Obuya akatangaza kwamba kapteni ni Debra, akamwuliza kikosi chake ni kina nani. Debra alitaja majina mawili, kisha akaongeza:

"Jumamosi tunakutana na timu ya kutoka mji wa Kikuyu. Ngome yao haijawahi kuvunjwa. Nahitaji balozi."

Ken akajiweka sawa kwenye kochi. "Sawa. Nitakuja."

"Si wewe. Mwulize Guka kama ana nafasi."

Guka alifikiri kama mtu mwenye shughuli nyingi. Alisema atakuja, ila msemaji haendi kwa watu peke yake kama aliyefukuzwa nyumbani. Lazima awe na kijana wa kukaa nyuma yake.

"Huyo ni mimi?" Ken akauliza.

"Ni wewe. Utavaa tai. Utashika koti langu. Na hutasema neno."

"Lakini Guka..."

"Hayo tayari ni mawili," akasema Guka, akainua kikombe chake.