Chupa ya Mgeni

Chupa zilikuwa mezani zimevishwa soksi za sufu: nyekundu, moja ya mistari, na moja iliyotoboka kidoleni. Ndivyo walivyofanya kila mwaka pale Sandomierz, siku ya kuchagua divai bora ya Polandi, ili mwamuzi aione divai tu, asimwone mwenye shamba. Na kila mwaka Bwana Wit, mkuu wa waamuzi, alichomeka katikati ya zile za nyumbani chupa moja ya Kijerumani, kuwapima hao wanaojidai kupima; soksi zilivishwa na wengine, hata yeye asijue iko wapi. Waliiita mgeni. Aliyeamini amekutana na mgeni hakutoa alama. Aliandika msalaba, na chupa iliyopata misalaba mingi iliondolewa shindanoni.

Leokadia alikuwa mwamuzi kwa mara ya kwanza. Alisomea divai Ujerumani, na sasa ana duka lake la divai jijini Kraków, duka zuri lisilouza hata chupa moja ya kwao. Baba yake, Mzee Zenobiusz, alikuwa nje uani na wakulima wenzake, wakila soseji na matango ya chumvi, wakingoja. Chupa yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizovaa soksi. Leokadia alikuwa amemwambia Wit mapema kwamba haifai binti kumhukumu babaye.

"Mwanangu," Wit akamcheka, "soksi haina ukoo."

Maneno ya asubuhi yalikuwa bado yanamzunguka kichwani. Baba yake alikuwa akinyoa ndevu, nusu ya uso imejaa povu, akasema bila kugeuka, "Mwaka huu nisipopata kitu, nang'oa mizabibu yote. Napanda mitufaha kama wenzangu. Nimechoka kuwa kichekesho cha watu." Hakuwa akitania. Sururu ilikuwa imeegemea mlangoni, imenolewa. Kisha akauliza, "Na ile ya Krismasi, uliionaje?"

"Nzuri, baba."

Ulikuwa uongo. Kila Krismasi mzee alimletea chupa moja, na kila mara Leokadia aliisukuma nyuma ya mifuko ya unga kabatini, akawafungulia wageni wake ya Kijerumani. Hakuhitaji kuonja. Aliikumbuka divai ya baba tangu ujana wake, divai iliyokaza mashavu mpaka mtu akaonekana anapiga mluzi.

Basi alipofika kwenye soksi iliyotoboka, akaonja, na ule ukali ukamshika taya, moyo ulimwambia: huyu ni baba. Akatema kwenye ndoo. Akaandika alama zinazostahili, alama za chini, bila kuongeza hata nusu. Alijisifu kwa haki yake na papo hapo akajihisi muuaji. Aliiona mizabibu imelala mizizi juu, na akatafuna kipande cha mkate muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ikafuata soksi ya mistari. Ilinukia peasi na nyasi zilizokatwa jana, na ukali wake ulikuja mwishoni kabisa, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Leokadia alisahau kutema. Alipogundua kwamba amemeza, alitabasamu, akaandika msalaba.

Waamuzi waliruhusiwa kujadiliana kabla ya kutia saini. Jagna, mwanamke wa mji wa Jasło ambaye naye ana shamba la mizabibu, alikuwa anaizungusha glasi yake na kukunja uso.

"Mimi huyu wa mistari naona ni wa hapa."

"Hapa wapi, Jagna?"

"Hapa hapa. Sijui nisemeje. Namfahamu."

"Utamfahamuje? Kwetu hakujatoka kitu kama hiki," Leokadia alisema. "Hata hana dalili ya Upolandi."

Alikuwa akisifu. Kwao hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na hakuna aliyeishangaa. Wenzake waliokuwa wanasita waliona heri kumfuata aliyesoma huko huko kwa wenye divai. Jagna alibaki peke yake na alama zake, na soksi ya mistari ikaondolewa.

Wakulima wakaitwa ndani. Medali zikatangazwa, jina la Zenobiusz halikutajwa, na mzee akapiga makofi kwa kila jina kama muungwana. Leokadia hakuweza kumtazama. Mwisho kabisa, kwa desturi yao, ukafika wakati wa kumvua mgeni soksi mbele ya watu wote. Wit akaivuta ile ya mistari.

Nembo iliyotokea ilikuwa na mchoro wa nyumba ambamo Leokadia alizaliwa.

Wit akazivuta haraka soksi zilizobaki, mpaka ile iliyotoboka. Mjerumani alikuwa humo.

"Zenobiusz," mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "kumbe siku zote wewe Mjerumani!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee naye akacheka, na kicheko hicho kilimchoma Leokadia kuliko matusi.

Wit alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Tutaionja upya, mzee. Sasa hivi."

"Mtaionja mkijua ni ya nani?" Zenobiusz akatikisa kichwa. "Hiyo si hukumu tena, Wit. Hiyo ni rambirambi."

Walirudi nyumbani kwa gari, wakavuka mto Wisła.

"Nani alianza kusema ni mgeni?" mzee akauliza.

"Mimi."

"Kwa sababu ilikuwa mbaya?"

"Kwa sababu ilikuwa nzuri, baba."

Mzee akatazama mashamba ya mitufaha yakipita dirishani, moja baada ya jingine. "Ndiyo hiyo hiyo niliyokuletea Krismasi," akasema. "Pipa lile lile."

Leokadia hakuwa na uongo mwingine wa kutosha. "Sijaifungua. Sijafungua hata moja."

"Ehe." Baadaye sana, karibu na nyumbani, akasema taratibu, "Nami miaka yote nikidhani wasioniamini ni majirani."

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Leokadia alikuwa amewasikia wazee wakilirudia hilo tangu utoto, na hakuwahi kudhani linamhusu mtu mwenye duka zuri kama lake.

Jumapili iliyofuata alirudi kutoka Kraków na sanduku. Alizipanga chupa za Krismasi mezani kwa baba yake, mwaka baada ya mwaka, zote, bado zina vumbi la unga. Sururu ilikuwa pale pale mlangoni. Mzee alizitazama kwa muda, kama mtu aliyerudishiwa barua zake mwenyewe, kisha akatoa glasi mbili kabatini.

"Anza na ya zamani."

Leokadia akamimina, akanusa, akaonja. Kwa mazoea macho yake yakatafuta ndoo.

"Hapa hatutemi," baba yake akasema. "Meza."

Akameza. Mashavu yalimkaza, machozi yakamlenga, na safari hii si yote yaliyotokana na divai.

"Mbaya, baba. Mbaya kabisa."

Mzee Zenobiusz alionja yake, akakunja uso, akakubali kwa kichwa. Akainuka, akaichukua sururu, akaitoa nje akaiweka bandani. Aliporudi alikaa, akavuta chupa ya pili.

"Haya," akasema. "Twende mwaka unaofuata."