Aliyefyeka Aldithley

"Shoga, hivi huyo Aldith wa kijiji chetu alikuwa mwanamume?" Pam alimuuliza jirani yake Doreen kutoka upande wa pili wa ua, karatasi ya halmashauri mkononi.

Doreen alisema hapana. Shule ya msingi aliisoma hapohapo Aldithley, na kila mtoto alifundishwa kwamba mwisho wa jina hilo, "-ley", kwa Kiingereza cha kale, ni mahali msitu ulipofyekwa, na aliyefyeka ni mwanamke, Aldith. Lakini mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Fosdyke, aliona shujaa mwenye ndevu atapendeza zaidi kwenye bango jipya la kijiji. Karatasi iliongeza kuwa bustani ya nyuma ya ukumbi, ambayo Doreen amekuwa akiing'oa miiba kwa mikono yake tangu azikwe mumewe, miaka kumi na tisa sasa, itaitwa Bustani ya Fosdyke.

Jumanne jioni Doreen alikuwa akichemsha chai ya kikao cha halmashauri Aldith alipoingia. Mfupi, miguu mitupu, tope hadi magotini, shoka begani. Alikuwa amekufa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Katibu alimpa daftari la wageni; akachora msalaba badala ya sahihi.

"Nilifyeka mimi," alisema. "Mume wangu alikuwa amelala."

"Asante, mama," Fosdyke alisema bila kuinua macho. "Una bili ya maji, kuonyesha unaishi hapa?"

Hakuwa nayo.

"Bili mimi ninayo," Doreen alisema. "Na ile bustani je?"

"Doreen, wewe tuletee biskuti."

Wajumbe walicheka, watu wazima sita ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kung'oa gugu. Wakapigia kura bango na jina la bustani, sita kwa sifuri. Katibu aliandika: mgeni mmoja, tope sakafuni.

Ijumaa bango likasimamishwa, ndevu na upanga. Aldith aliendelea kuja kila kikao. Alitengewa kiti karibu na mlango na gazeti la kukanyagia.

Kikao cha tatu, Fosdyke alimwambia Doreen apige deki kwanza, chai baadaye. Doreen, ambaye kila mara aliibariki chai ile kabla ya kuigawa, safari hii hakuibariki. Alimmiminia Aldith kikombe, sukari vijiko vitatu. Iliyobaki aliimwaga yote kwenye sinki. Akaweka ufunguo wa ukumbi juu ya makaratasi ya Fosdyke, akavaa koti, akatoka.